Mapokezi ya Park Station

Rosalia hakuwa mtu wa kuamini kirahisi, na ukitaka kumlaumu, uliza kwanza ameolewa na nani. Ameolewa na Thabo.

Walikutana Morogoro, enzi zile wapigania uhuru wa Afrika Kusini wana kambi yao Mazimbu. Mwanaume mrefu mpaka anainama mlangoni, mpole, Kiswahili chake kimepinda huku na huku lakini kinafika. Wakaoana, wakamzaa Eva, na mambo yalipogeuka kule kwao mwaka tisini na nne wakafunga mizigo wakaja Johannesburg. Wakapata flati Joubert Park, Rosalia akaweka cherehani yake dirishani, wateja wakaanza kupanda ngazi. Maisha yakaenda vizuri tu, mpaka asubuhi moja Thabo alipofunga mkate na mayai ya kuchemsha, akasema anakwenda uwanja wa Wanderers kutazama kriketi.

"Utarudi saa ngapi?" Rosalia akamuuliza.

"Jioni."

"Mpira gani huo wa asubuhi mpaka jioni?"

"Mama Eva, hii ni mechi ya siku tano."

Siku tano! Rosalia amekulia kwenye mpira wa dakika tisini, ukizidi sana ni penati, watu wanarudi nyumbani kupika. Akajua hapo hapo kwamba kuna mwanamke. Eti wanacheza, wanasimama, wanakula chakula cha mchana, wanacheza tena, wanakunywa chai, mvua ikinyesha wanakimbilia ndani. Thubutu! Huyo mwanamke lazima alikuwa na nyumba nzuri na sufuria za kutosha. Kila jioni Thabo aliporudi, Rosalia alimpokea shati na kulinusa kabla hajalitundika, akakuta jasho na jua basi. Siku ya tano akamkalisha kitako.

"Haya. Nani kashinda?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Sare, Mama Eva. Mvua ilinyesha."

Rosalia alihamia chumba cha Eva wiki nzima. Aliyemnusuru Thabo ni Victorine, jirani wa ghorofa ya chini, msusi kutoka Lubumbashi, ambaye alimvuta mkono mpaka kwenye televisheni ya saluni yake. "Mama Eva, angalia, njo ile! Banasimama tu. Franchement, hii muchezo iko ya kweli." Rosalia akatazama wanaume waliovaa nyeupe, wamesimama majanini mikono kiunoni, mmoja anakimbia, wengine wanapiga makofi ya adabu. Basi akakubali kwamba mchezo upo. Lakini tangu siku hiyo kriketi akaitazama kwa jicho la pembeni, maana kitu kinachoweza kumficha mtu siku tano na kumrudisha na jibu la "hakuna" si kitu cha kukigeuzia mgongo.

Mchezo wa Rosalia ulikuwa netiboli. Morogoro alichezea timu ya kiwanda cha nguo, mfungaji, na watu waliziacha pombe zao kwenda kumtazama. Joubert Park alikuta nyuma ya flati kiwanja cha sementi ambacho zamani kilikuwa maegesho ya magari, kimejaa magodoro yaliyotupwa na chupa. Akakisafisha na wanawake wenzake. Nguzo hawakuwa nazo, kwa hiyo miezi ya mwanzo alifanya walivyokuwa wakifanya kiwandani pete zilipovunjika: alipanda juu ya kreti la soda, akainua mikono juu ya kichwa, akaizungusha, akawa pete. Watoto wakafunga ndani ya mikono yake mpaka mabega yakawaka moto. Baadaye Ignace, mume wa Victorine na fundi wa kuchomelea, akatengeneza nguzo mbili kwa vyuma vya vitanda vibovu, akazipaka rangi nyeupe. Hapo timu ikawa timu. Eva akawa mfungaji kama mama yake, Arlène wa Victorine akawa mlinzi, na wengine walikuwa Wazulu, Wasotho, Wakongo, na Mrundi mmoja asiyesema kitu lakini akiruka unamsahau mpinzani. Rosalia akawashonea magauni ya kijani yenye mkanda wa njano, rangi za timu yake ya kiwandani.

Nani alijua habari zao? Hakuna. Washinde, wasishinde, gazeti halikuwaandika. Lakini kriketi, we! Kriketi ilikuwa kwenye pakiti ya mkate, kwenye chupa ya maziwa, kwenye mabango ya barabara nzima ya kwenda Braamfontein. Mchezaji akiumia kidole, redio inasoma kabla ya habari za ajali. Mchungaji wa kanisa la Victorine, mtu mzima kutoka Bukavu ambaye hajawahi kushika ule mpira wao mwekundu, aliomba ibadani Mungu awape nguvu vijana wa kriketi, na watu wakaitika amina. Rosalia hakuitika. Alijiuliza nani anayelipa ili nchi nzima ipende kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Machale yakamcheza sawasawa Februari ile ya mwaka elfu mbili na sita, alipochungulia dirishani akawaona watu kiwanjani. Diwani Makhetha alikuwepo, na tumbo lake na simu zake mbili, na wazungu wawili wenye kofia za kijani. Mmoja alikuwa akipima sementi kwa utepe.

Rosalia alishuka ngazi na pini mdomoni. "Mheshimiwa, karibu. Mnapima nini?"

"Aa, Mama! Tunaangalia tu."

"Macho hayana haja ya utepe."

Diwani akacheka, akamvuta kando. Kuna kampuni, akasema, inataka kuwajengea watoto wa mjini mahali pa kufanyia mazoezi ya kriketi, na nyavu, na zulia la kijani, kila kitu bure. Hapa panafaa.

"Hapa pana netiboli," Rosalia akasema.

"Najua, Mama, nawaheshimu sana. Lakini niambie ukweli. Nani anawatazama?" Akanyoosha mkono kwenye kiwanja kitupu. "Wale wenzangu wanataka mahali penye watu. Mkienda Gaborone kwenye mashindano yenu ya mwezi ujao, mkirudi na kombe, na nikaona kwa macho yangu mtaa umetoka kuwapokea, mimi mwenyewe nitawaambia: pana wenyewe, tafuteni pengine. Nionyeshe watu, Mama. Uwanja utabaki wenu."

Alisema haraka mno, na Rosalia hakupenda. Akamwomba ayarudie maneno hayo mbele ya Victorine, na Diwani akayarudia, huku akitabasamu. Hilo tabasamu nalo Rosalia hakulipenda.

"Kombe hawezi kutunyima," alimwambia Victorine walipobaki wawili. "Ila watu ndio anajua hatuna."

Gaborone, ng'ambo ya mpaka, walikwenda bila yeye, kwa sababu pasi yake ya kusafiria ilikuwa ofisini ikingoja kuongezewa muda, na anayejua ofisi ile anajua kungoja. Nomsa, mwalimu wa shule ya akina Eva, ndiye aliyewasindikiza. Jumamosi jioni akapiga simu akipiga kelele hata hasikiki. Wameshinda! Kombe wanalo! Basi litaingia Park Station kesho, Jumapili, jioni jua likizama. Rosalia alikaa kwenye kiti cha cherehani akalia kidogo, kisha akanawa uso, akaenda kubisha hodi mlango kwa mlango.

Alitaka mapokezi ya kwao. Morogoro timu ikirudi na kombe, wanawake hutandika kanga chini kuanzia mlango wa basi, moja baada ya nyingine, na washindi hupita juu yake bila kugusa vumbi, vigelegele vinapigwa mpaka masikio yanaziba. Victorine na wenzake wakaahidi kuleta vitenge. Mama wa Kizulu wa ghorofa ya tano akaahidi kuleta blanketi lake la harusi. Diwani akapigiwa simu, akasema atakuwepo. Na Thabo akasema, "Mama Eva, watu niachie mimi. Nitakuletea watu mpaka useme basi."

Rosalia akamtazama. "Kesho kuna nini?"

"Kesho? Kesho anakuja mtoto."

"Kingine."

"Eish, Mama Eva, na wewe."

Asubuhi ya Jumapili Thabo akaaga mapema kwamba anakwenda kukusanya watu. Alivaa koti, na Machi Johannesburg jua bado linachoma. Rosalia akamsogelea kama anamfuta vumbi, akafungua kifungo cha koti. Ndani kulikuwa na fulana ya kijani.

"Rangi ya timu ya mtoto," Thabo akasema.

"Na hilo shingoni?" Ulikuwa utepe wa kadi ya kuingilia uwanjani.

Thabo akatazama mlango. Rafiki yake wa kazini, akasema, alipata nafasi mbili, na ni Australia, na ni mechi ya mwisho kati ya tano, wako mbili kwa mbili, lakini hii ni ya siku moja tu, Mama Eva, siku moja! Saa za mchana atatoka, aanze kukusanya watu. Anaapa kwa kaburi la mama yake.

"Nenda," Rosalia akasema. Hakupiga kelele, na Thabo, anayemjua, alitamani angepiga.

Kufika mchana, kila kitu kikaanza kuharibika. Redio zote za flati zilikuwa zinasema kitu kimoja. Australia wamepata mikimbio mia nne thelathini na nne, haijawahi kutokea tangu mechi za siku moja zianze, ni aibu, ni msiba. Rosalia akafurahi, tena akafurahi wazi wazi. Wakifungwa vibaya, akasema, watu watazima televisheni wanifuate stesheni. Lakini wenyeji nao wakaanza kugonga, na wakaendelea kugonga, na jengo zima likaanza kutetemeka kwa miguu ya watu wanaorukaruka. Alipopita kukusanya wanawake, milango ilifunguliwa nusu. "Kidogo tu, Mama Eva." "Zimebaki ova chache za kurusha, dada." Mama wa Kizulu wa ghorofa ya tano, ambaye jana hakujua gongo la kriketi linashikwa upande gani, alikuwa amepiga magoti mbele ya televisheni na lile blanketi la harusi amejifunika kichwani. Hakumwona hata Rosalia.

"Mama wee, na huyu kanunuliwa," Rosalia akasema kwa sauti kwenye ngazi.

Wakaenda wawili, yeye na Victorine, na furushi la kanga na vitenge. Njiani mitaa ilikuwa mitupu kabisa. Robot, zile taa za barabarani, zilibadilika kutoka nyekundu kwenda kijani bila gari la kuziangalia. Park Station, pale wanaposimama mabasi ya nje, kulikuwa na wachuuzi wachache, na hao nao wamezunguka redio moja. Diwani Makhetha hakuwepo.

"Atatokea dakika ya mwisho," Rosalia akasema, "ahesabu watu wawili, aondoke na uwanja wangu."

"Usiseme vile. Thabo atakuya."

"Thabo?" Rosalia akacheka kicheko kibaya. "Thabo yuko majanini, Mama Arlène. Miaka yote hii nilidhani nimeshindana na mwanamke. Afadhali angekuwa mwanamke, ningeenda nikamvuta nywele."

Akaketi juu ya furushi. Aliwaza Eva atakavyoshuka na kombe mkononi, akitafuta watu kwa macho kama alivyokuwa akitafuta tangu mdogo kila akifunga, na kumkuta mama yake na msusi mmoja. Wale wachuuzi wakaruka ghafla wote pamoja, "Tumeshinda!", redio ikaanguka, mmoja akambusu mwenzake kipara. Mji mzima ukapiga honi.

Honi hazikukoma. Zikasogea. Rosalia akasimama. Kutoka upande wa Braamfontein, juu ya daraja, magari yalikuwa yanakuja taa zikiwaka kabla ya giza, pikapu zimejaa watu, bendera, kofia za kijani, nyuso zimepakwa rangi, wazungu, weusi, Wahindi, wamekumbatiana wote wanaimba. Na juu ya kibanda cha pikapu ya kwanza, miguu mirefu inaning'inia, amesimama nusu ameketi nusu, sauti imemkauka, alikuwa Thabo.

"Mama Eva!" akaita. "Nimekuletea watu! Sema basi!"

Wakamwagika stesheni wakiwa mamia. Thabo alikuwa amepanda juu ya gari nje ya Wanderers, kila mtu akilia na kucheka, akapiga kelele kwamba na binti yake pia ameshinda, ana kombe, anaingia Park Station sasa hivi, nani anakuja? Na watu wenye furaha ya namna ile hawaulizi kombe la nini. Wakaja.

Basi kutoka Gaborone likaingia katikati yao likitambaa. Mlango ukafunguka. Eva akachungulia, na magauni ya kijani nyuma yake, na Rosalia akaona uso wa mtoto wake ukifunguka. Eva anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kizulu au Kiingereza; siku hiyo hakujibu kwa lugha yoyote. Aliziba mdomo kwa mkono.

"Tandika!" Rosalia akapiga kelele, na Victorine akatandika. Kanga ya kwanza, ya pili, kitenge cha ndege, kitenge cha maua. Kuona vile, watu wakaelewa. Wanaume wazima wakavua bendera mabegani wakazilaza chini mbele ya wasichana, mwingine fulana yake. Rosalia akapiga kigelegele ambacho hakijatoka tangu Morogoro, na wanawake wa Kisotho kwenye umati wakamjibu kwa vya kwao. Wasichana wakapita juu ya nguo, wakabebwa juu, kombe likapita mkono hadi mkono. Mwanamke mmoja wa gazeti, kamera mbili shingoni, aliyekuja na msafara tangu uwanjani, alikuwa akipiga picha kutoka juu ya benchi.

Na Diwani akatokea. Akaukumbatia umati, akamkumbatia Thabo, akamkumbatia Rosalia. "Mama! Watu hawa wote!"

"Umewaona kwa macho yako, Mheshimiwa?"

"Kwa macho yangu, Mama!"

Basi Rosalia akaamini. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka wa nchi ile, aliacha kuuliza nani kalipa, akamtafuta Thabo kwenye umati, akamshika shavu mbele za watu. Nyumbani alimpikia wali wa nazi. Thabo akala akimsimulia ile mechi gongo kwa gongo, na yeye akasikiliza yote.

Asubuhi ya Jumatatu Thabo alikuwa ameshatoka kwenda kazini Victorine alipopanda na gazeti. Lilikuwa na kurasa nyingi, zote za kriketi. Picha yao ilikuwa kubwa, yenye rangi: kanga zimetandikwa, Eva amebebwa juu, mdomo wazi, gauni la kijani na mkanda wa njano, na pande zote kijani na njano. Kombe lilikuwa mkononi mwake, lakini picha ilikatwa kwenye kiwiko. Chini waliandika kwamba wasichana wa Joubert Park, waliovaa rangi za mashujaa wa kriketi, wanashangilia ushindi kwa kutandika nguo zao barabarani kwa desturi ya Kiafrika.

Rosalia alisoma. Akasoma tena. Akafungua kurasa zote mpaka za matangazo ya mazishi akitafuta neno netiboli, na halikuwepo.

"Ni gazeti tu, Mama Eva," Victorine akasema.

"Ngoja," Rosalia akasema. "Bado."

Jumatano jioni wakaja. Rosalia alikuwa kwenye cherehani aliposikia msumeno wa chuma, na alipofika chini nguzo moja ya Ignace ilikuwa imeshalala, ya pili inakatwa. Zulia la kijani lilikuwa limeviringishwa ukutani. Diwani Makhetha alisimama na gazeti limekunjwa kwapani, na wale wazungu wa kofia, na wasichana wa timu wameshafika kwa mazoezi wakiwa wamesimama pembeni. Thabo naye alikuwepo, ametoka kazini, na mkononi ana gongo jipya la kriketi.

"Uliniahidi," Rosalia akamwambia Diwani. "Ulisema nikuonyeshe watu."

"Na umenionyesha, Mama!" Diwani hakuwa anatania, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alifungua gazeti. "Niliipeleka picha hii kwa kampuni, wakaikubali siku ile ile. Tazama mtaa huu unavyopenda kriketi! Hata mabinti zako wamevaa."

"Hayo ni magauni ya netiboli. Nimeyashona mimi. Wale watu walikuja kuwapokea watoto wangu."

"Walitoka wapi, Mama?"

Walitoka Wanderers. Wote walijua wametoka Wanderers.

"Na kocha tunaye hapa hapa," Diwani akaendelea, akampiga Thabo begani. "Aliniambia mwenyewe pale stesheni, kwao kule Eastern Cape babu yake alimfundisha akiwa mdogo kabisa. Wasichana nao watakaribishwa, tena bure."

Akaondoka na watu wake, akiacha mafundi wakikusanya vyuma. Rosalia hakumwangalia tena Diwani. Alikuwa anamtazama Thabo, kuanzia viatu, akapanda taratibu mpaka kwenye gongo.

"Uliongea naye."

"Niliongea kwa furaha, Mama Eva. Mtu aliniuliza nimejulia wapi kriketi, nikamwambia. Naapa, sikujua."

"Na yule mwenye kamera? Nani alimleta?"

"Alikuja tu na watu! Mama Eva, nakuapia kwa kaburi la—"

"Mwache mama yako alale."

Wasichana walikuwa wanatazama. Eva alishika mpira tumboni kwa mikono yote miwili, macho yametoka kwa baba yake yamekwenda kwa mama yake. Rosalia angeweza kumwamini Thabo, na angeweza kutomwamini. Kifua chake kilitaka vyote viwili na kikauma kwa vyote viwili. Alikwenda nyuma ya ngazi, akatoka akiburuta kreti la soda, lile lile la zamani. Akaliweka juu ya sementi, pale ilipokuwa nguzo.

"Kama hukujua," akamwambia, "panda."

Thabo akalitazama kreti. Akawatazama mafundi, na madirisha ya flati ambako watu walikuwa wameanza kuchungulia. Kisha akaliegemeza gongo ukutani, polepole, akapanda. Akainua mikono yake mirefu juu ya kichwa, akaizungusha mpaka vidole vikashikana.

"Eva," Rosalia akasema. "Funga."

Eva akasogea. Akapima. Mpira ukapanda, ukapita ndani ya mikono, ukagonga kichwa cha baba yake, ukaanguka. Hakuna aliyecheka. Arlène akauokota, akampa mwenzake, na mazoezi yakaanza, wasichana wakiruka juu ya vumbi la chuma, mafundi wakisogea kuwapisha. Jua likashuka nyuma ya majengo. Mikono ya Thabo ikaanza kutikisika.

"Mama Eva," akasema kwa sauti ndogo. "Nisimame mpaka lini?"

Rosalia alikuwa ameketi juu ya zulia la kijani lililoviringishwa, mikono imekunjwa, anamtazama kwa jicho lile lile la pembeni.

"Ule mchezo wenu," akasema, "unachukua siku ngapi?"

Thabo akaibana mikono vizuri, na Eva akafunga tena.